Sufuria ya Ijumaa, Ghorofa ya Tatu

Jumatatu, 5 Oktoba

Mdogo wangu ameingia hosteli leo akiwa amekumbatia sufuria. Si sufuria ya mwanafunzi, ile ya kuchemshia yai. Ni ile kubwa ya Mama, ya shughuli, yenye masikio mawili, ambayo hata shangazi akija kuiazima anaambiwa iko kwa fundi. Mlinzi wa getini alimuuliza kama amekuja kusoma au kufungua hoteli.

"Nimekuja nayo kwa ajili ya mambo ya Ijumaa," akamjibu. "Dada anajua."

Mlinzi akanitazama. Mimi nikatazama mvua.

Tunamwita Chiriku tangu alipojua kusema, maana mdomo wake haukupata breki. Baba amepanga tukae chumba kimoja ili nimwangalie na nimwonyeshe maisha ya hosteli. Sawa, Baba.

Niandike ukweli hapa, kwa kuwa sina pengine pa kuusema. Hakuna mambo ya Ijumaa. Mwaka jana wote Chiriku alikuwa ananipigia simu Ijumaa jioni, na mimi nimekaa kitandani na mkate na chai, mlango nimeufunga. Mara ya kwanza aliniuliza, "Dada, mnafanya nini sasa hivi?" Nikaona haya kusema nakula mkate peke yangu. Nikamwambia ghorofa nzima tunapika. Sufuria moja, kila mtu analeta kitu kimoja, asiye na kitu anaosha vyombo. Alifurahi mpaka akamwita Mama asikilize. Wiki iliyofuata akauliza tena, nikatia chumvi: mimi ndiye ninayekoroga, wenzangu hawataki mwingine ashike mwiko. Mwaka ukaisha hivyo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika mwisho na imeleta chombo cha kupikia.

Jumanne, 6 Oktoba

Nimemwambia Chiriku kwamba Sufuria ya Ijumaa imekufa, wapishi wote wamehitimu. Amesema, "Basi tutaifufua." Sina hamu ya kula.

Alhamisi, 8 Oktoba

Nilikuwa bombani kwenye korido najaza birika nikamsikia Chiriku anabisha kwa Kiranja. Kiranja ndiye mwakilishi wa ghorofa yetu, mtu anayejua kila kitu, hata asichokijua. Mlango ulikuwa wazi. Ndani alikuwamo Mhandisi, ambaye anasoma uhandisi na hachoki kutukumbusha, pamoja na Miwani.

Miwani chumba chake kinatazamana na changu. Tunasoma wote takwimu, darasa moja. Mwaka mzima nimetaka awe rafiki yangu na mwaka mzima tumeishia "mambo" na "poa".

"Samahani, dada zangu," Chiriku akasema, "nani alibaki na zamu ya Sufuria ya Ijumaa mwaka jana?"

Birika likajaa, maji yakanimwagikia miguuni. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo.  Kisha nikamsikia Kiranja.

"Aa, ile? Ile ilififia tu. Watu walihitimu."

"Ila ilikuwa nzuri," akasema Mhandisi.

"Nzuri sana."

"Kwa hiyo mnaianza tena lini?" akauliza Miwani.

Nilisimama pale na birika langu, miguu imelowa, nikiwa sielewi. Nilielewa baadaye nikiwa nafua. Hakuna aliyekuwa tayari kukiri mbele ya mgeni wa siku tatu kwamba palikuwa na jambo kwenye ghorofa yake naye hakualikwa. Kila mmoja anadhani wenzake walikuwepo. Nilicheka peke yangu juu ya beseni. Nimeponea chupuchupu.

Ijumaa, 9 Oktoba

Sikwenda. Nilisema nina zoezi la kumaliza. Jiko la ghorofa liko ukuta kwa ukuta na chumba chetu, kwa hiyo nilisikia yote: mfuniko, kisu kwenye ubao, mtu anamlaumu mwenzake kwa chumvi, halafu kicheko cha Miwani. Sikuwahi kukisikia hata mara moja. Kumbe anacheka kwa sauti kubwa, kama mtu aliyekalia sindano.

Chiriku akaniletea sahani. "Umekosa, Dada. Ila si kama mlivyokuwa mnapika nyie. Bado tunajifunza."

Chakula kilikuwa kitamu. Nilikila chote na roho inaniuma. Jambo nililolitunga mimi, kwa kichwa changu, kwa mkate wangu, wanalila watu wengine.

Jumatano, 14 Oktoba

Mvua. Nguo hazikauki, korido nzima ni kamba na soksi. Binti mmoja wa mwaka wa kwanza amenisalimia: "Shikamoo, dada yake Chiriku." Mimi ndiye niliyetangulia kuzaliwa, nikatangulia kufika hapa, na nimekuwa dada yake mtu.

Ijumaa, 16 Oktoba

Leo nilikwenda. Nilileta karoti nikakaa karibu na mlango.

Chiriku anakoroga huku anaendesha mazungumzo matatu kwa pamoja. Anajua nani ana mama mgonjwa, nani amegombana na mhadhiri, nani hali kitunguu. Ana siku kumi na moja tu hapa. Mimi nilijua majina yao kwa sababu yamebandikwa milangoni.

Lakini si Chiriku aliyenichoma zaidi. Ni Mhandisi. Aliinua kijiko akaonja, akafumba macho. "Si mbaya," akasema. "Ila ya mwaka jana ilikuwa na ladha yake. Mnakumbuka ile ya maharage?"

"Usinikumbushe," Kiranja akajibu.

Maharage! Niliyabuni mwezi wa Machi, nikiwa na mafua. Sasa sijui Mhandisi ameyasikia kwa Chiriku au ameyaota mwenyewe, lakini ameyameza na anayacheua mbele yangu. Mwizi wa kuku angalau anajua kuku si wake.

Jumanne, 20 Oktoba

Mvua. Paa linavuja kwenye korido. Matroni wa hosteli ameahidi fundi.

Ijumaa, 23 Oktoba

Miwani ameketi sakafuni leo, Chiriku akimsuka. Wamezungumza habari ambazo sikuzisikia vizuri. Nilijisogeza nikasema, "Lile zoezi la mhadhiri lilikuwa gumu, eeh?" Miwani akasema, "Eeh, gumu," kwa upole, akarudi kwa Chiriku. Basi. Mwaka mmoja nimeliandaa hilo neno.

Mama huwa anasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi sikondi. Nakula sahani mbili kila Ijumaa.

Jumapili, 25 Oktoba

Simu na Mama. Alitaka kusikia habari za Chiriku. Nilimpa Chiriku simu nikatoka kwenda kuanua nguo ambazo hazikuwa zimekauka.

Ijumaa, 30 Oktoba

Sikwenda. Hakuna aliyekuja kuniuliza kwa nini. Sahani ililetwa, imefunikwa vizuri. Ningefurahi kama ingekuwa imechacha.

Ijumaa, 6 Novemba

Naandika kwa hasira, asomaye asinilaumu. Ingawa hakuna asomaye.

Jikoni tulikuwa wengi, madirisha yamejaa mvuke. Kiranja alikuwa anawasimulia wa mwaka wa kwanza jinsi Sufuria ilivyoanza. Ndiyo, sasa ina historia. Eti ilianza siku umeme ulipokatika, watu wakachanganya vyakula visiharibike. Nilisikiliza mpaka nikashindwa.

"Si hivyo," nikasema.

Kiranja akageuka. Hakuwa na ubaya, na hilo ndilo lililoniumiza. Alinitazama kama mtu anayetaka kumsaidia mwenzake asijiaibishe.

"Wewe ungejuaje, mpenzi? Mwaka jana ulikuwa huji."

"Kweli," akasema Mhandisi. "Ulikuwa unapita na birika lako, unaingia, unafunga. Sisi tukasema huyu ana maringo. Au anasoma sana."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wasio na kisa nawe. Chiriku hakucheka. Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Alinitazama, na niliona anapanga maneno yangu ya mwaka mzima moja moja, kama mtu anayekagua mchele.

"Dada alikuwa anakoroga," akasema polepole. "Aliniambia ndiye alikuwa anakoroga."

 Kiranja akaangalia chini kwa ajili yangu. Miwani akainuka akaenda kufungua dirisha, ingawa mvua ilikuwa inaingia.

Nilitoka. Yaani mtu anaumba kitu, anakipa sheria, anakipa hata maharage, halafu kinasimama kwa miguu yake na kumwambia, wewe ulikuwa huji.

Jumamosi, 7 Novemba

Chiriku ameniuliza, "Dada, ulikuwa unakwenda au ulikuwa huendi?" Nikamwambia nilikwenda mwanzoni, baadaye masomo yakanibana. "Aha," akasema. Chiriku kusema "aha" tu na kunyamaza ni ugonjwa.

Alipokuwa na miaka saba aliniamini nilipomwambia naweza kuisimamisha mvua. Nilikuwa nasubiri tu ianze kukatika, kisha nanyoosha mkono. Alinitazama kwa macho ambayo hakuna mtu mwingine amewahi kunitazama nayo. Hayo macho ndiyo niliyokuwa nayalisha kila Ijumaa kwa simu. Sasa nayaona yanahama, na yanahamia chumba cha mbele.

Jumatano, 11 Novemba

Kitanda kimoja kwa Miwani kimebaki wazi, mwenzake amehamia mjini. Nimejua kabla sijaambiwa.

Ijumaa, 13 Novemba

Nimeificha sufuria.

Asubuhi Chiriku akiwa darasani niliibeba nikaipeleka stoo ya mifagio, nyuma ya magodoro mabovu. Aliporudi nikamwambia Mama ameiagiza, nimempa dereva wa basi la kwetu. Nilisema hivyo huku nakunja shuka, sauti imetulia kabisa. Nina kipaji.

"Mama ana shughuli gani?" akauliza.

"Sijui. Ya jirani."

Nilidhani huo ndio utakuwa mwisho. Jioni nikakaa kitandani na mkate wangu kusikiliza ukimya. Ukimya haukuja. Walikusanya visufuria vya vyumba vyote, vile vya kuchemshia yai, wakawasha majiko yote manne, kila mtu anapika chake na kumpakulia mwenzake. Kelele zilikuwa mara mbili ya kawaida. Mtu alisema hii ni bora zaidi, tufanye hivi mara moja kwa mwezi. Nilikitupa kipande cha mkate ukutani kama mtoto.

Jumapili, 15 Novemba

Mvua kubwa. Paa la korido limezidi kuvuja, na Matroni kwa haraka zake akaingia stoo kutafuta ndoo. Hakupata ndoo. Tuliporudi na Chiriku kutoka kufua, sufuria ya Mama ilikuwa katikati ya korido, imetulia, inapokea matone.

Chiriku aliweka beseni chini. Alichuchumaa akaligusa sikio moja la sufuria, lile lenye alama ya moto. Matroni akapita akasema, "Msiiondoe hiyo, wanangu, mpaka fundi aje."

"Hatuiondoi," Chiriku akasema.

Mimi hakunitazama. Aliingia ndani akampigia simu Mama mbele yangu, akamuuliza hali, akamuuliza habari za jirani, akamuuliza kama kuna shughuli yoyote. Kisha akakata. Nilisubiri anipigie kelele. Alianza kukunja nguo zake, na zile ambazo zilikuwa mbichi akazikunja vilevile.

Jumatatu, 16 Novemba

Ameomba kuhamia kwa Miwani. Matroni amekubali.

Ijumaa, 20 Novemba

Leo nimesema. Sikusema kwa sababu nimekuwa mwema. Nilisema kwa sababu nilichoka kuona Kiranja anasifiwa.

Niliingia jikoni visufuria vimeshaanza kuchemka, watu wamejaa mpaka mlangoni. Nikasema, "Naomba mnisikilize. Mwaka jana hakukuwa na Sufuria ya Ijumaa. Haijawahi kuwepo. Niliitunga mimi kumdanganya mdogo wangu kwenye simu. Umeme, maharage, wapishi waliohitimu, hakuna. Mlimwambia mnaikumbuka kwa sababu mliona aibu."

Mhandisi ndiye aliyeanza kucheka. Halafu wote.

"Jamani," akasema Kiranja, "wivu huu sasa umevuka mpaka. Huji, unaficha sufuria, tumekunyamazia. Leo unasema na sisi hatukuwepo?"

"Mimi nilikuwa nakata vitunguu hapo ulipo," akasema Mhandisi, na naapa alikuwa anaamini.

Niliwatazama mmoja mmoja wa mwaka wa pili na wa tatu. Nilikuwa nimekuja kuwafedhehesha. Lakini nilipomwangalia Miwani, ambaye hajawahi hata siku moja kusema anakumbuka, niliona ameinamisha kichwa, miwani imejaa mvuke, na hajaifuta. Ndipo nikaona. Kama palikuwa hapapikwi, basi nao walikuwa wapi? Kiranja alikuwa chumbani kwake. Mhandisi chumbani kwake. Miwani hatua chache kutoka kwangu, nyuma ya mlango wake, pengine na mkate wake. Ghorofa nzima tulikuwa tunakula peke yetu, ukuta kwa ukuta, na kila mmoja akidhani wenzake wamealikana. Kiranja hawezi kuniachia uongo wangu. Akiuachia, atabaki na ile Ijumaa yake halisi.

 Nilirudi chumbani, na sikufunga kwa kishindo.

Jumamosi, 21 Novemba

Chiriku amehama. Kabla ya kubeba godoro alikaa ukingoni mwa kitanda changu.

"Nimekuamini jana," akasema. "Peke yangu jikoni mle."

"Asante."

"Usiniambie asante. Ulikuwa unakula nini?"

"Mkate. Na chai."

"Kila Ijumaa?"

"Na siku nyingine pia."

Alisugua magoti yake. "Mimi nilikuwa naosha vyombo vya nyumba nzima nalia, Dada. Nasema mwenzangu yuko huko anacheka na watu, amenisahau. Nilikuwa nakuonea kijicho mpaka silali. Nilisoma kwa kijicho. Nilifaulu kwa kijicho."

Nikajaribu kucheka. Hakunisaidia.

"Ungeniambia ni mkate," akasema, "ningekupigia na Jumamosi."

Hapo nililia. Nililia vibaya, kwa makamasi. Alinipa kanga yake nijifute, akaniacha nimalize, kisha akainuka.

"Nahama hata hivyo. Nisikudanganye, nina hasira. Itaisha lakini bado ipo."

Nikamsaidia kubeba godoro. Ni hatua chache tu, tukavuka korido, tukalizunguka lile tone la paa. Miwani alitufungulia mlango. Aliniambia, "Karibu," nami nikasema nina kazi.

Ijumaa, 27 Novemba

Sikwenda. Sahani haikuletwa.

Jumatano, 2 Desemba

Fundi wa paa amekuja. Mvua imeanza kupungua, soksi zimekauka. Nafasi ya kitanda cha Chiriku ni kubwa kuliko nilivyodhani.

Ijumaa, 4 Desemba

Ya mwisho kabla ya mitihani. Niliwasikia wakianza. Nilikaa nikasubiri mtu abishe, nikajiambia akibisha nitakwenda. Hakuna aliyebisha. Nilimsikia Chiriku akisimulia jambo, na Miwani akicheka kile kicheko chake cha sindano, na wivu ukanipanda kama siku ya kwanza, haukupungua hata punje. Nilikuwa nimedhani utapungua nikishasema ukweli. Basi, nikachukua viazi nilivyonunua mchana, nikaenda nao.

Hakuna aliyegeuka. Mmoja alisema tu, "Ingia au toka, mlango unaleta upepo." Kiranja akapokea viazi akavihesabu kwa macho, akasema vinatosha. Nilitafuta pa kukaa. Chiriku alikuwa kwenye benchi, bega kwa bega na Miwani, hakuinua macho.

Palikuwa na binti mgeni, amehamia juzi kutoka hosteli ya chini. Alikuwa na hamu ya kujua kila kitu. Mhandisi alikuwa ameshamsimulia ile habari ya umeme kukatika na sasa yupo kwenye maharage. Binti akanigeukia, kwa kuwa nilikuwa karibu.

"Na wewe, dada, ulikuwepo? Mwaka jana, walipoanza?"

Kisu kikasimama kwenye ubao. Kiranja alishika kiazi bila kukimenya. Mhandisi alinitazama, na sikuwahi kuona mtu mzima akiomba kwa macho namna ile. Chiriku naye akainua kichwa.

"Hapana," nikasema. "Mwaka jana sikuwepo. Nasikia tu ilikuwa nzuri."

Kisu kikaanza tena kwenye ubao. Mhandisi akaendelea na maharage yake. Chiriku alinitazama kwa muda, si kwa yale macho ya zamani, kwa mengine ambayo sikuyajua, kisha akamsukuma Miwani kwa kiuno, Miwani akamsukuma aliyekaa pembeni yake, na pembeni mwa benchi pakabaki nafasi ya mtu mmoja.

"Kaa," akasema. "Vimenye vyembamba, usitupe nusu kiazi."